Kombe la Sahani ya Wareno

Shangazi Barke alinitupia kanga akasema, "Ifunge vizuri. Ikivunjika, usirudi."

Adhana ya Magharibi ilikuwa karibu. Ilikuwa Novemba ile ya mvua za Elinino, mwaka wa tisini na saba, na umeme ulikuwa umekatika Mji wa Kale mzima tangu alasiri. Kazi niliyotumwa ilikuwa ndogo tu: nipeleke sahani kwa Mwalimu Aidarus mtaa wa Kuze, aandike kombe, nirudi nayo kabla mvua haijaanza tena.

Lakini mimi sikuzaliwa mtu wa kutumwa kimya.

"Shangazi, daktari amesema ni malaria. Kwa nini tusimrudishe dada hospitali?"

"Hospitali ipi? Ile tuliyotoka jana, wagonjwa wamelala chini ya vitanda vya wagonjwa?"

"Basi kombe liandikwe kwenye sahani nyingine."

"Nyingine ipi, Mwanakuu? Nionyeshe. Wewe si ndiwe mwenye majibu?"

Dari ilikuwa imeanguka juu ya kabati wiki ile kwa kuvuja, na sahani zote nyeupe za nyumba zikawa vigae. Zilizobaki zilikuwa za melamini, za maua. Zafarani haishiki kwenye melamini.

Kwetu, mtu akiugua na dawa zikakataa, mwalimu humwandikia aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe. Maandishi huoshwa kwa maji ya marashi mawaridi, mgonjwa akayanywa. Hilo ndilo kombe. Nimelinywa tangu utotoni na sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ulikuwa na ile sahani.

Ndani, nyuma ya pazia, dada yangu Lamis alikuwa akitetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Mama alipofariki, Lamis ndiye aliyenilea. Alishona kofia za vito, tundu moja moja kwa sindano, mpaka vidole vikawa na sugu ili mimi nifike chuo kikuu Nairobi. Sasa chuo kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya migomo, mimi niko nyumbani na hoja zangu zote, na yeye homa ilikuwa ikimla mbele ya macho yangu. Sikuwa na mtu mwingine. Nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea.

Nikaichukua sahani.

Ilikuwa kubwa, nzito, ya kaure, na ilikaa ukutani katika kidaka cha juu kabisa tangu enzi za babu ambao majina yao hatuyajui. Ukingoni zilizunguka meli nyeusi. Katikati walisimama wanaume kwa rangi nyekundu na dhahabu: pua ndefu kama mdomo wa birika, nywele kama moto, makoti ya vifungo mpaka magotini, na mbwa mwembamba miguuni pao. Nyuma yao alisimama mtu mweusi, peku, amewashikia mwavuli mkubwa.

Nyumbani tuliiita sahani ya Wareno. Si Wareno. Niliviona vyombo kama hivyo katika kitabu cha maktaba ya chuo, nikakaa nacho mpaka taa zikazimwa. Wale ni Waholanzi, na aliyewachora ni Mjapani. Wajapani walikuwa wamefunga nchi yao, Mholanzi wakambana kwenye kisiwa kidogo pale Nagasaki asitoke. Wachoraji wengi hawakupata kumwona hata mmoja. Walinakili picha ya mwenzao, na mwenzao alinakili ya mwenzake, na uvumi ukijaza palipopungua. Kuna walioamini kuwa watu hawa hawana visigino, nyayo zao haziwezi kugusa chini, ndiyo maana wakavaa viatu vilivyoinuliwa nyuma.

Nilifurahi sana, siwezi kukana. Kwa mara moja Mzungu ndiye aliyechorwa kama kioja!

Lakini yule wa mwavuli alinichoma roho. Mchoraji aliwapa Waholanzi nyusi, alimpa mbwa wao ulimi. Huyu wetu alimpa rangi tupu. Hakuna macho. Hakuna mdomo. Mkono tu, na mpini. Kwenye mdahalo chuoni nilimsemea mbele ya ukumbi mzima mpaka machozi yakanitoka.

* * *

Mwalimu Aidarus alikuwa amekaa barazani kwake na kandili pembeni. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, akawa anawajua watu kwa sauti.

"Asalaam aleikum, Mwalimu."

"Waaleikum salaam. Wewe ni wa kwa Barke. Bingwa wa maneno." Akacheka kidogo. "Yuwaje mgonjwa?"

"Homa haishuki, Mwalimu."

Akaacha kucheka. Akafungua kanga, akaipapasa sahani kwa vidole kama afanyavyo kila mara, kutafuta ufa. Vidole vikasimama katikati. Akauondoa mkono wake haraka, kama aliyegusa birika la moto.

"Ni nini hii?"

"Wazungu, Mwalimu. Ni picha tu."

"Kombe haliandikwi juu ya nyuso za watu."

"Nyuma ni nyeupe. Shangazi amesema utumie nyuma."

Ngurumo ikapita upande wa Likoni. Mwalimu aliinamisha kichwa, akisikiliza sijui nini.

"Kwa kuwa ni Lamis," akasema mwishowe.

Akaigeuza. Akachovya kalamu ya mwanzi katika zafarani, akaandika polepole, midomo ikienda. Harufu ya zafarani ilinituliza. Alipomaliza alinishika mkono.

"Mwambie Barke aoshe upande huu tu. Kwa pamba. Maji yasifike kule mbele. Umesikia?"

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Kwani lazima kila kitu kiwe na kwa nini?"

"Kwangu mimi, lazima."

Hakutabasamu. "Nilichoandika mimi nakijua. Yule aliyechora kule, sijui alikusudia nini."

* * *

Mvua ilinikuta katikati ya njia.

Haikuanza kwa matone. Ilimwagika. Nikajibanza ukutani chini ya roshani ya mtu, sahani nimeikumbatia, maandishi juu, kanga nimeitanda kwa mikono isiyaguse. Mvua ikaja kwa ubavu. Tone likaanguka ukingoni mwa sahani, sentimita chache tu kutoka herufi ya kwanza.

Tone moja zaidi na kombe limekwisha. Na Mwalimu asingeandika mara ya pili juu ya kitu kile. Nilikuwa na hakika.

"Ya Rabi," nikasema. "Ya Rabi, si sasa."

Mvua ikaacha.

Juu yangu tu.

Mbele yangu, nyuma yangu, kote njia nzima ilikuwa inavuma kwa maji. Pale niliposimama palikuwa pakavu. Nikainua macho nikaona mwavuli. Mpana, wa karatasi nzito iliyopakwa mafuta, mbavu zake za mianzi. Kulikuwa na harufu ya lami na ya mafuta ya zamani. Mtu alikuwa amesimama nyuma ya bega langu la kulia.

"Ahsante, ami," nikasema. Nilikuwa karibu kulia kwa shukrani. "Naenda hapo Kibokoni tu."

Hakujibu.

Nikaanza kutembea. Mwavuli ukatembea.

"Wewe ni wa nyumba ya kina Abdulhalim, siyo? Maana watu wao ndio hawapendi kusema na mtu." Nilijaribu mzaha. Ndivyo nilivyo, nikiogopa nasema.

Hapo ndipo nilipoanza kusikia. Au tuseme, kutosikia. Mvua ilikuwa inapiga mabati na mawe na mapipa, lakini juu ya mwavuli ule haikutoa sauti yoyote. Ndara zangu zilikuwa zinachapa maji. Miguu yake haikuchapa.

Tukafika ule uchochoro wa karibu na kwetu, ambao mtu mnene hupita kwa ubavu. Niliinamisha kichwa kusubiri mwavuli ukwaruze kuta.

Haukukwaruza. Ulipita mpana vilevile.

Sikugeuka. Nilihesabu aya badala ya hatua. Nilipofika kwenye daka la nyumba yetu, pale penye viti vya mawe nje ya mlango, adabu ikanishinda. Mtu amekutoa mbali hivyo, huwezi kumfungia mlango.

"Karibu ndani, ami, ukauke."

Nikageuka.

Niliona mkono kwanza. Mweusi, lakini si weusi wa ngozi. Weusi wa wino. Hauna kucha. Vidole havina viungo, vimepindwa kama mstari mmoja uliovutwa kwa brashi. Nikapanda na macho, begani, shingoni...

Hapakuwa na kitu cha kutazamana nacho.

Rangi tupu.

Sijui nilipandaje zile ngazi.

* * *

"Umechelewa," Shangazi akasema. "Lete."

"Shangazi, sikiza. Mwalimu amesema uoshe nyuma tu, kwa pamba. Maji yasiguse mbele. Na Shangazi, nimefuatwa na—"

"Tangu lini nikafunzwa kuosha kombe? Nimeosha makombe wewe hujazaliwa, na mama yako hajavunja ungo."

"Ni yeye amesema, si mimi!"

"Kila herufi ina dawa yake. Sitabakisha hata moja."

Akaizamisha. Sahani nzima, mbele na nyuma, ndani ya bakuli la maji ya marashi. Akaisugua kwa kiganja huku akimswalia Mtume, machozi yanamtoka, kwa sababu nyuma ya pazia Lamis alikuwa ameanza kuweweseka. Kwa mwanga wa fanusi niliyaona maji yakigeuka manjano.

Kisha mekundu.

"Si zafarani hiyo!"

"Zafarani nzuri huwa nyekundu."

"Shangazi, ni rangi! Ni rangi ya sahani, ni sumu, usimpe!" Nikamshika mkono. Alinisukuma nikagonga kabati. Sijawahi kumwona na nguvu zile.

"Utamuua dada yako kwa mdomo wako, Mwanakuu!"

Lamis alikuwa amekwisha kukaa kitandani. Kiu ya homa si kiu ya kawaida. Aliona kikombe alichochota Shangazi, akakinyang'anya kwa mikono miwili, akanywa mpaka nikasikia koo linagonga. Akanywa yote. Akaramba na mdomo wa kikombe.

Akalala chali. Akafumba macho.

Nikaitoa sahani majini. Meli zilikuwa zimekwenda. Wanaume wamekwenda. Kila mmoja alikuwa ameacha doa hafifu la kijivu mahali alipokuwa: pua, kofia, mguu wa mbwa. Lakini pale alipokuwa wa mwavuli hapakuwa na doa. Palikuwa peupe safi, kavu, kama mtu aliyeondoka mapema. Kwa miguu yake mwenyewe.

"Umeona?" Shangazi akanong'ona. "Ametulia. Alhamdulillahi, ametulia."

Ndipo nikasikia harufu.

Sufi iliyolowa. Lami. Na mbwa. Mbwa aliyenyeshewa, ndani ya nyumba ambayo mbwa hajawahi kuvuka kizingiti chake.

Lamis akafumbua macho.

Akashuka kitandani taratibu. Akatembea kwenda kwenye kiti cha marehemu baba. Alitembea kwa vidole. Visigino vyake havikugusa sakafu, si mara moja. Akakaa, magoti yameachana, mgongo umenyooka, pua juu. Akaunyosha mkono wa kulia pembeni, kiganja wazi, kama mtu aliyezoea kuwekewa kitu.

"Jua," akasema.

Nje mvua ilikuwa inamwagika na adhana ya Isha ikipanda juu yake.

"Jua kali," akasema Lamis.

Nikamgusa paji la uso. Nikautoa mkono. Hata mkate wa mofa ukitoka tanurini hauchomi hivyo.

Shangazi alikuwa ameshika pazia kwa mikono yote miwili. Ujana wake alikaa na kina mama waliokuwa wakizungumza na pepo, na ingawa aliapa kuyaacha mambo yale, aliyajua. "Muulize," akaninong'oneza. "Muulize jina lake na atakalo. Ndivyo inavyokwenda. Kisha mpatane. Wewe ndiye mwenye maneno, mwanangu. Muulize!"

Sikuamini mambo yale. Nilikuwa nimesimama jukwaani zaidi ya mara moja kuyapinga, nikapigiwa makofi. Nikapiga magoti mbele ya dada yangu.

"Wewe nani?"

Alinigeukia. Sauti ilikuwa ya Lamis, lakini ilitoka kama ya mtu anayesoma maneno ya lugha asiyoijua.

"Sijui."

"Watoka wapi?"

"Sijui. Aliyenichora hakuniona. Alimfuata mwenzake. Mwenzake alimfuata mwenzake."

Hasira ikanijia. Ni bora kuliko hofu, nikaikamata. "Basi huna chako hapa. Wewe si Mholanzi. Wewe si Mreno. Hata mtu si mtu. Wewe ni uvumi uliotiwa rangi. Kwa haki gani unakaa katika mwili wa mwana wa watu?"

Akatabasamu. Meno ya Lamis, yale ninayoyajua, lakini midomo ilikwenda juu zaidi ya inavyopaswa.

"Alinipa pua," akasema. "Alinipa kofia. Alinipa mbwa. Hakunipa tumbo."

Akaweka kiganja juu ya tumbo la dada yangu. Akalipapasa kwa upole.

"Sasa ninalo."

"Toka!"

"Nitatoka. Niliingia na maji... nitatoka na maji."

Midomo yake ikapasuka mbele yangu. Nasema nilichokiona. Ilikauka, ikakunjamana, ikapasuka, na damu haikutoka. Ngozi ya mikono ikaanza kushika mifupa. Jasho lililokuwa shingoni likapotea kama tone juu ya kikaango.

"Wataka nini?" Shangazi akapiga yowe. "Sema wataka nini, tutakupa!"

"Wa mwavuli. Yuko chini. Mwiteni."

"Hapana," nikasema.

Nilisema hapana! Nilimwambia yule si wake. Nilimwambia yule hajawahi kuwa wa mtu, kwamba alichukuliwa, akafanywa kivuli cha watu wasio na hata majina, akasimama kidakani mwetu miaka yote hiyo ameinua mkono. Kwamba ameondoka, na aliyeondoka hana deni. Nilisema vizuri. Sijawahi kusema vizuri vile, chuoni wala popote. Kila alichokileta nilikijibu.

Na ulimi wa Lamis ukawa unatoka nje, mweupe, mkavu kama kipande cha kitambaa.

"Unashinda, Mwanakuu!" Shangazi alilia. "Unashinda, na dada yako anakufa!"

* * *

Nilishuka ngazi.

Nilijua nitamkuta. Alikuwa amesimama nje ya daka, katikati ya njia. Mwavuli ameukunja. Kichwa amekiinua juu, mvua inampiga palipopaswa kuwa na uso, na wino unamtoka. Ulikuwa ukichuruzika vidoleni, ukishuka juu ya mawe, ukiingia mferejini kwa nyuzi nyeusi. Hakuwa akijikinga. Alikuwa anajiachia.

Nikaelewa anafanya nini. Nikaelewa amengoja kwa muda gani kulifanya.

Na hata hivyo nilipiga magoti majini.

"Ami," nikasema. "Ami, nakuomba."

Akanigeuzia ule weusi.

"Ni dada yangu. Sina mtu mwingine. Panda nami kidogo tu, mpaka homa ishuke. Usiku huu tu, ami. Nitakutafutia njia. Nitakuosha mwenyewe kwa mikono yangu, wallahi, lakini leo rudi. Rudi kwao. Nakuomba."

Mimi. Niliyemlilia mbele ya ukumbi mzima. Nilimshika mguu nikimwomba arudi utumwani, na wino wake ukanipaka mikono mpaka viwikoni.

Hana macho, nimesema. Lakini alinitazama. Najua mtu anapokutazama.

Kisha akaunyosha mwavuli.

Mpini ukiwa upande wangu.

Hakunisukumia. Aliushika tu hapo, kati yetu, akangoja. Juu, ghorofani, nikasikia Shangazi akiita jina la Lamis, mara kwa mara, kwa sauti ile ambayo watu huitumia tu wakati hawatarajii tena kujibiwa.

Nikaushika.

Akauachia. Mkono wake ulibaki umefunguka hewani kidogo, vidole vikijinyoosha kimoja kimoja, kana kwamba havikujua vinaweza. Akageuka, akashuka njia. Maji yalikuwa yamemfikia kifuani, namaanisha yalikuwa yamemfuta mpaka kifuani, na bado alitembea. Alipopinda kona nilisikia miguu yake.

Chap. Chap. Chap.

Ilikuwa inachapa maji.

* * *

Mwavuli hauna uzito wowote. Hilo ndilo la kwanza nililolijua.

Nilisimama nyuma ya bega la kulia la Lamis, nikaufungua. Chumba kikanuka lami. Lamis akashusha pumzi ndefu, ya mtu aliyefika kivulini kutoka mbali. Jasho likamtoka shingoni, kisha usoni, kisha kila mahali, mpaka nguo ikatota. Midomo ikajaa. Akaomba maji, sauti yake mwenyewe, akaomba na uji.

Shangazi alisujudu pale pale sakafuni.

Kesho yake Mwalimu Aidarus alikuja, ameshikwa mkono. Aliipapasa sahani mbele na nyuma. Akamsomea Lamis, akamaliza. "Nilichokiandika kimefanya kazi yake," akaniambia mlangoni. "Mgonjwa yu hai. Hicho kingine sikukiandika mimi."

Nina hoja zote, msidhani sina. Rangi za zamani huwa na madini ya risasi, na risasi hupanda kichwani. Malaria ikifika kwenye ubongo mtu husema mambo. Mimi mwenyewe nilikuwa sijala tangu asubuhi, na Shangazi alikuwa na hofu, na hofu huambukiza. Nikiwa jukwaani ningeitetea hoja hiyo na ningeshinda.

Lakini nikiukunja mwavuli Lamis akiwa macho, midomo yake hupasuka.

Shangazi alijaribu kunipokea. Lamis alimtazama tu, akasema "Si huyo," na shingo yake ikaanza kukauka. Tukaacha kujaribu. Akilala, naukunja. Akiamka, nausimamisha. Mitaani watu huona mwavuli wa kawaida, husema mwatazame dada wawili wale, mapenzi ya siku hizi hayako hivyo. Redio ilitangaza chuo kimefunguliwa. Marafiki waliniandikia. Sikuwajibu, kwa sababu ningewajibu nini?

Lamis anashona tena. Anacheka. Amenenepa. Huvaa ndara mpaka ndani ya nyumba, na mimi, mtu wa kwa nini, sijamwomba azivue.

Jana, baada ya Isha, tulikuwa wawili tu chumbani. Dirisha limefungwa, fanusi imeshushwa. Nilimuuliza mambo ambayo hakuna mwingine anayeyajua: mama aliniita jina gani nilipokuwa nanyonya, nilificha wapi kipande cha halua kikapandwa na siafu, alininong'oneza nini asubuhi tuliyomzika mama. Alijibu yote. Bila kukosea, sindano ikienda, uso umeinamia kofia. Machozi yalinitoka kwa furaha. Mkono ulikuwa umeniuma nikaushusha kidogo, kidogo sana, nipate kumwona vizuri.

"Lamis," nikasema. "Niambie kweli. Ni wewe?"

Sindano ikasimama.

"Swali gani hilo?" akasema, bila kugeuka. "Inua mkono. Jua laniingia."